Puja ya asubuhi: ni dawa au ni ibada tu? Tuichambue bila ushabiki

Ukikaa kwenye magrupu ya wasapu ya mambo ya afya asilia lazima ukutane na zile meseji ndefu za kusifia mila za Kihindu, eti kengele ya hekaluni ikigongwa mitetemo yake inaua bakteria, mti wa tulsi unatoa oksijeni usiku na mchana, kidoti cha kwenye paji la uso kinabonyeza mshipa fulani na kichwa hakikuumi tena. Halafu chini yake anakuja mwingine anajibu kwa hasira kwamba huo wote ni ushirikina, kuabudu sanamu tu, hakuna cha kujifunza hapo. Mi naona wote wawili wamepotea njia, ila yule wa kwanza kapotea zaidi maana yeye ndo anadai anaitetea hiyo mila.

Kwanza tujue kinachofanyika chenyewe kwenye puja, yaani ibada ya Kihindu, kwa sababu wengi wetu tumepita pale Kisutu, Dar es Salaam, mara kibao tukaona watu wanaingia na kutoka mahekaluni ila nyumbani kwao alfajiri kunaendaje hatujui (na sio kila Mhindi ni Mhindu jamani, kuna Ismailia, kuna Bohora, kuna Magoa wanaenda misa). Mhindu anayeshika taratibu anatakiwa aamke kipindi kinaitwa brahma muhurta, kinaanza dakika 96 kabla jua halijatoka na kinachukua dakika 48, kwa huku kwetu ni kwenye saa kumi na nusu hivi. Anaoga kwanza. Kisha anaenda kwenye kona yake ya ibada, kwa mwenye nafasi ni chumba kizima na kwa mwingine ni kikabati cha ukutani tu, anawasha diya, yaani kitaa cha samli chenye utambi wa pamba, anachoma agarbatti, vile vijiti vya udi, anaweka maua na kitu cha kula mbele ya murti, yaani sanamu ya mungu wake, mkono wa kulia unazungusha taa taratibu na wa kushoto unagonga kikengele, hiyo ndo aarti. Wengine wanatoka nje jua linapochomoza wanalimiminia maji kwa chombo cha shaba. Halafu mantra, yaani maneno matakatifu ya kukariri, na maarufu kuliko zote ni Gayatri ya kwenye Rigveda, kitabu chao kitakatifu cha kale, kuna wanaoirudia mara 108 kwa kuhesabu shanga za mala, kitu ambacho mwenye tasbihi au rozari mkononi hahitaji kuelezwa.

Sasa faida zipo? Zipo, ila sio zile za wasapu. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa 2001, jarida la madaktari wa Uingereza la BMJ lilitoa utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake, walichukua watu wazima 23 wenye afya wakawasomesha rozari kwa Kilatini halafu mantra ya om mani padme, ambayo ni ya Wabudha hasa, na kwa zote mbili pumzi ilishuka mpaka kama mara sita kwa dakika na mwili ukawa unarekebisha presha vizuri zaidi. Mtetezi wa mila akisikia hapo anapiga makofi, ila asome vizuri, rozari nayo ilifanya vilevile! Kinachofanya kazi ni ile pumzi ndefu iliyopangwa na maneno ya kurudiarudia, na dini nyingi ziligundua hilo bila maabara.

Mwanga wa asubuhi nao unasaidia kweli kupanga saa ya mwili, ukiamka muda uleule na ukaona jua mapema usingizi wa usiku unakaa sawa. Ila wanaosema yule anayelimiminia jua maji anapata vitamini D wanakosea, jua likiwa limelala chini vile ile miale inayotengeneza vitamini D karibu haifiki. Maji ya shaba hapo wana hoja, watafiti wa India mwaka 2012 walionyesha maji yaliyowekwa kwenye chungu cha shaba masaa 16 bakteria wa kuharisha wanakufa, lakini hiyo ni shaba na muda, kengele haimo. Na tulsi ni ndugu wa kivumbasi na mrehani, majani yake yana ile kemikali ya eugenol inayopatikana pia kwenye karafuu zetu, usiku unapumua kama mti mwingine wowote, unatumia oksijeni.

Upande wa madhara ndo watu hawapendi kuugusa. Moshi wa agarbatti ni moshi, una vumbi laini linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, ukichoma kila siku kwenye chumba kimefungwa na kuna mtoto ana pumu usiniambie habari ya afya (na sisi wa Pwani na vyetezo vyetu tusicheke, moshi wa udi hauulizi dini). Kafuri ya kuchomea aarti mtoto akiimeza inaweza kumtia degedege. Sindoor je, ile poda nyekundu ambayo mwanamke aliyeolewa anapaka kwenye mstari wa nywele? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipima sampuli za New Jersey na za India, takriban nane kati ya kila kumi zilikutwa na madini ya risasi, nyingine kwa kiwango cha kutisha. Na kumkum, poda nyekundu ya kizamani, ilikuwa manjano iliyochanganywa na chokaa ikageuka nyekundu, basi.

Halafu kuna jambo la nani anafanya kazi. Mara nyingi anayedamka kuosha vyombo vya puja, kusokota tambi za taa na kupika cha kuweka mbele ya murti ni mama wa nyumba, na kwenye familia nyingi akiwa kwenye siku zake haruhusiwi hata kukaribia ile kona. Anayeandika kwamba puja inaondoa stresi ya familia nzima huwa hajamhesabu huyo.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiki. Wanazuoni wa Kihindu wenyewe tangu zamani wanagawa ibada, kuna nitya, ile ya wajibu wa kila siku, unaifanya kwa sababu ni wajibu wako na hudai malipo, na kuna kamya, unayoifanya kwa sababu unataka kitu, mtoto, mali, kupona. Sala za asubuhi na jioni zipo kwenye nitya. Sasa anakuja muuza kozi za mtandaoni anazigeuza zote kamya, fanya hivi upungue kilo, washa hiki ulale vizuri, halafu Mungu anatolewa kimyakimya kwenye kifurushi. Baniani mbaya kiatu chake dawa, ndo biashara yenyewe hiyo. Hata surya namaskar, mazoezi ya kusalimia jua, unaambiwa yana miaka elfu na elfu wakati kuliabudu jua ndo kwa kale kweli, ila aliyeyaeneza kama mazoezi ya viungo ni raja, yaani mtawala, wa Aundh huko India kwenye miaka ya 1920.

Na nadhani hapo ndo faida yenyewe inapopotea pia. Mtu anayesali kwa wajibu anaamka hata siku ambayo hajisikii, miaka arobaini mfululizo, na mwili unafaidika na ule mpangilio bila yeye kuufuatilia. Anayefanya kwa ajili ya matokeo akiona wiki mbili presha haijashuka anaacha anahamia kwenye kitu kingine. Kwa hiyo wewe unayevutiwa na haya mambo na sio Mhindu, chukua pumzi na kuamka mapema, fungua dirisha, moshi huuhitaji. Na kama ni Mhindu endelea na puja yako bila kuiombea cheti cha maabara, badilisha tu sindoor, na kama daktari kakuandikia vidonge vya presha vimeze, hakuna mantra inayokataza.