Njia ya jiokashi Jozani: magogo yaachwe yalipo

Pendekezo la rafiki yangu mwalimu la kuweka njia ya jiokashi, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kufuata namba za ramani, ndani ya Msitu wa Jozani hapa Unguja naliunga mkono, ila kwa sharti moja: kisifichwe kitu chochote chini ya gogo, chini ya jiwe wala ndani ya majani yanayooza. Sharti hili likikataliwa, basi ni heri njia yenyewe isiwepo.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ulianza Marekani Mei 2000. Serikali ya huko iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa GPS, mfumo wa setilaiti unaomwonyesha mtu mahali alipo, kwa raia, na haukupita muda Dave Ulmer akaficha ndoo porini katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za ramani za pale alipoiweka, watu wakaenda kuisaka. Leo yeyote mwenye simu anaweza kucheza. Rafiki yangu huyo mwalimu anataka wanafunzi wa skuli za Unguja nao wacheze, na sababu yake naikubali kabisa. Watoto wetu huletwa Jozani kwa basi, wakapiga picha na kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, wakapita juu ya daraja la mbao kwenye mikoko ya Pete, wakarudishwa mjini. Msitu wenyewe hawakuuona.

Tatizo ni namna vitu hivi vinavyofichwa. Kanuni za mchezo zinakataza kuchimba ardhi na kufukia, na hilo ni jema. Lakini kopo lililosukumwa chini ya gogo halijafukiwa, kwa hiyo linapita. Na anayekuja kulitafuta hajui ni gogo lipi. GPS ya simu chini ya miti mirefu inakosea kwa mita kadhaa, basi atafunua la kwanza, la pili, la tatu, mpaka alipate. Anayeumiza msitu hapo si aliyeficha peke yake. Ni kila mtafutaji anayekuja baada yake, mwaka mzima.

Huko Marekani wanaolipia gharama hiyo ni salamanda. Sisi hatunao, Afrika kusini ya Sahara hawapo kabisa. Ni wanyama wa ukoo wa vyura, wenye umbo la mjusi na ngozi laini isiyo na magamba, na milima ya Appalachian ina aina nyingi mno za viumbe hawa. Jamii yao kubwa kuliko zote haina mapafu. Wanavuta hewa kwa ngozi na kwa utando wa kinywa, na ngozi hiyo haifanyi kazi ikikauka. Ndiyo maana mchana wanakaa chini ya magogo na mawe. Wengi wao hawahitaji hata kidimbwi: mama hutaga mahali penye unyevu, hujizungusha kwenye mayai yake akayalinda, na watoto hutoka wakiwa salamanda kamili. Ukiliinua gogo ukalirudisha vibaya, upepo na jua vinaingia, na unyevu uliokaa pale kwa miaka unaondoka.

Sasa njoo kwetu. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki wapo vyura wadogo wa jamii ya Arthroleptis wanaoishi maisha hayo hayo. Wanataga kwenye udongo mbichi na chini ya majani makavu, hakuna kiluwiluwi, na kinachotoka kwenye yai ni chura mdogo aliyekamilika. Watu wengi wanadhani chura ni wa bondeni kwenye mpunga, kwa hiyo ukilinda bonde umemlinda. Huyu nyumba yake ni takataka za msitu, zile zile ambazo mtafutaji wa kopo atazipekua kwa mkono uliopakwa dawa ya mbu, wakati ngozi ya chura inafyonza vitu vingi vinavyoigusa.

Jozani ina chura wake pia. Mwaka 2006 wanasayansi walimtangaza Kassina jozani, aina mpya kwa sayansi, wakampa jina la msitu huu. Ndugu zake wa jamii ya Kassina wanajulikana kwa kutembea na kukimbia badala ya kuruka. Nalitaja hili kwa uchungu, maana sidhani kama katika watu mia wa Unguja utampata mmoja aliyewahi kumsikia. Kima punju tunamjua sote, na anastahili. Lakini msitu uliokuwa ukitembelewa miaka yote hiyo ulikuwa na mnyama asiye na jina mpaka juzi.

Na tusijidanganye kwamba kubadilika kidogo kwa unyevu ni jambo dogo. Tanzania tunao mfano wa Kihansi, mto wenye maporomoko katika milima ya Udzungwa. Chura mdogo wa pale aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, mahali padogo sana. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu nao ukaonekana, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Alinusurika kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, na urejeshaji ukaanza 2012. Vyura wa Jozani hakuna aliyewawekea akiba ya namna hiyo.

Nitaambiwa kwamba bila kopo hakuna mchezo, mtoto anataka kushika alichokipata. Mchezo wenyewe umeshalijibu hilo. Tangu 2004 kuna aina iitwayo EarthCache, iliyoanzishwa pamoja na chama cha wanajiolojia wa Marekani, ambayo haina kopo. Namba za ramani zinakufikisha mahali, unaulizwa swali ambalo huwezi kulijibu ila umesimama pale ukatazama, unaandika jibu. Hiyo inahusu miamba na ardhi, na Jozani ina ya kuuliza: kwa nini hapa maji yanasimama wakati wa masika, na hatua chache mbele ni jiwe kavu la matumbawe? Kwa nini mitondoo imenenepa huku, na kule ni vichaka tu? Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kuuliza habari za vyura. Simama njiani, nyamaza dakika tano, unasikia sauti ngapi tofauti? Zinatoka juu ya miti au chini?

Swali la sauti linataka jioni na usiku, tena wakati wa mvua, na hapo wenye mamlaka ya hifadhi itabidi wakubali kufungua njia kwa vikundi vya skuli vikiwa na waongozaji. Naona ni gharama inayostahili. Waongozaji wengi ni watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu, na wanazijua sauti hizo kuliko sisi wa mjini.

Kopo likihitajika, liwe moja, likae langoni kwa mlinzi, ndani mna daftari. Mtoto anayekuja na majibu yake anaandika jina na tarehe, na sauti alizozisikia. Daftari hilo likijazwa kila masika litakuwa kumbukumbu ya vyura wa Jozani iliyoandikwa na watoto wa Unguja, na nimeshamwambia mwalimu kwamba kazi ya kulisoma na kulipanga nitaifanya mimi.