Kabla ya kupima msongo wa watu, tupime maswali yenyewe

"Katika mwezi uliopita, ni mara ngapi ulihisi kwamba huwezi kudhibiti mambo muhimu katika maisha yako?"

Swali hili niliwahi kumsomea bibi mmoja barazani kwake, nikiwa mdadisi katika utafiti wa kaya. Nilikuwa nimeshamwamkia, ameshaniitikia marahaba, ameshaniuliza kwetu ni wapi na nimeshapewa kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mambo muhimu ni uhai, afya na riziki. Hayo yako kwa Mungu. Mimi niliyadhibiti lini?" Nikamsomea majibu matano achague. Akachagua "mara nyingi sana". Nikazungushia namba 4, nikaendelea na swali linalofuata.

Bibi yule alikuwa ananieleza imani yake, nami nikaiandika kama dalili ya msongo. Miaka imepita na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu naona madodoso ya aina ile yanazidi kutumika kwetu, na watu wanaridhika mapema mno kwamba yamethibitishwa.

Swali lenyewe linatoka kwenye dodoso (Kenya wangesema hojaji) linalojulikana kwa herufi tatu, PSS (Perceived Stress Scale, yaani kipimo cha msongo kama mtu mwenyewe anavyouona). Lilitungwa Marekani na Sheldon Cohen, Tom Kamarck na Robin Mermelstein, likachapishwa mwaka 1983. Kabla yake watafiti wengi walihesabu matukio. Orodha ya Thomas Holmes na Richard Rahe ya mwaka 1967 ilikuwa na matukio 43, kila moja na alama zake: kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, na kuendelea kushuka. Cohen na wenzake walishika njia ya mwanasaikolojia Richard Lazarus, aliyesema uzito wa tukio unategemea mtu anavyolipima akilinganisha na nguvu alizonazo. Watu wawili wanaweza kuachishwa kazi siku moja, mmoja akakosa usingizi na mwingine akarudi shambani akiwa ametulia. Kwa hiyo wakaacha kuuliza umepatwa na nini, wakauliza umeuonaje mzigo wako.

Wazo hilo nalipenda. Ila ukishalikubali, umekubali pia kwamba kipimo chako chote kimejengwa kwa maneno. Mashine ya presha inabana mkono wa Mjerumani na wa Mmakonde kwa namna moja, lakini swali halina uwezo huo.

Utaratibu uliozoeleka ni huu: dodoso linatafsiriwa kwa Kiswahili, mtu mwingine analirudisha kwenye Kiingereza, matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Kisha linajazwa na wanafunzi wa chuo, kwa kuwa ndio walio karibu, na inakokotolewa alfa ya Cronbach, kipimo kilichopewa jina la Lee Cronbach aliyekieleza mwaka 1951. Ikivuka 0.7, watu wanapongezana. Lakini alfa inaonyesha tu kwamba majibu ya maswali yanakwenda pamoja. Maswali kumi yaliyoeleweka vibaya kwa namna moja nayo yatakwenda pamoja vizuri sana.

Kurudisha tafsiri nako hakuoni mengi. Chukua hayo maneno "mwezi uliopita". Mtungaji alikusudia siku 30 zinazoishia leo. Kwa msikilizaji wetu, mwezi uliopita ni ule ulioisha, yaani ukimuuliza tarehe 25 Juni atakueleza ya Mei. Mfasiri wa pili atayarudisha kwenye Kiingereza bila shida yoyote, na kosa litapita. "Siku 30 zilizopita mpaka leo" ingemaliza utata, tena kwa maneno machache tu.

Majibu nayo yana mtego wake. Dodoso lina ngazi tano, kuanzia 0 mpaka 4. Ngazi ya pili, ile ya karibu na kutotokea kabisa, ukiifuata neno kwa neno unapata "karibu kamwe", maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyasema kinywani mwake. Kisha kuna "mara kwa mara" na "mara nyingi". Kipi ni kikubwa? Jaribu kuandika ngazi hizo kwenye vikaratasi, uwape jirani zako wazipange. Mimi nimejaribu, na wapo waliouweka "mara kwa mara" juu ya "mara nyingi", kwa hoja nzuri tu: kinachotokea mara kwa mara hakikomi. Kama ngazi zenyewe hazina mpangilio mmoja vichwani mwa watu, jumla ya alama ina maana gani?

Lakini palipo na tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye maswali mazuri. Mwaka 1988 Cohen na Gail Williamson walipofupisha dodoso kutoka maswali 14 hadi 10, wakitumia majibu ya Wamarekani 2,387, walibakiza humo maswali manne yanayouliza mema: unajiamini kwamba unaweza kutatua matatizo yako, mambo yanakwenda unavyotaka, na kadhalika. Alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlishwa. Sasa sisi tumelelewaje? Ukiulizwa habari za nyumbani, unasema nzuri. Nzuri kwanza, hata kama kuna mgonjwa ndani. "Ila" inafuata baadaye, mgeni akishakaa. Mdadisi anayeuliza kama mambo yanakwenda vizuri amebisha hodi kwenye mlango wa salamu, na atajibiwa kama inavyojibiwa salamu. Kuhusu kujiamini, wapo wazee ambao kwao kusema "najiamini sana" mbele ya mgeni ni majivuno.

Katika nchi nyingi maswali haya kumi hugawanyika mafungu mawili kwenye uchambuzi, mabaya kwake na mazuri kwake. Wataalamu wanabishana kama fungu la pili ni hisia ya uwezo wa mtu au ni matokeo tu ya namna maswali yalivyoandikwa. Kwetu ningeongeza uwezekano wa tatu, kwamba huenda tunapima adabu. Mtafiti anayeona swali halishikamani na wenzake hukimbilia kulifuta ili alfa ipande. Ningemwomba asilifute kabla hajarudi kwa watu kumi na tano au ishirini, wakiwemo wasio na shule, awaulize: umelisikiaje swali hili, na ulipojibu ulikuwa unafikiria nini?

Cohen mwenyewe alieleza kwamba dodoso lilitungwa kwa watu wenye angalau elimu ya kati ya Marekani, yaani miaka minane hivi ya shule. Ukitaka kupima umma mzima, lazima ufike kwa wasiosoma, na hapo dodoso linageuka kuwa mazungumzo: linasomwa kwa sauti, pengine mama mkwe amekaa hatua tatu pembeni. Lazima pia umpate dereva wa bodaboda ambaye mchana hayupo nyumbani. Wajerumani walipotaka toleo lao kwa ajili ya umma, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichukua sampuli wakilishi ya watu 2,463 wa nchi nzima. Hiyo ni kazi ya gharama, najua. Basi tusiandike "Watanzania" pale tulipowauliza wanafunzi wa mwaka wa pili.

Na hizi alama za mipaka zinazosambaa mitandaoni, kwamba 0 mpaka 13 msongo mdogo, 14 mpaka 26 wa kati, 27 mpaka 40 mkubwa! PSS si kipimo cha kutambua ugonjwa na halikuwekewa mipaka ya namna hiyo. Katika sampuli ile ya Marekani wastani wa wanaume ulikuwa 12.1 na wa wanawake 13.7. Mwanamke wa kawaida kabisa wa huko alikuwa amesimama mlangoni mwa "msongo wa kati". Nimeona watu wakitishwa na namba hizi, na inanikera.

Kuna waliochukua njia nyingine. Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walianza na lugha ya Kishona na namna wagonjwa na waganga wanavyoeleza mateso yao, likatoka mwaka 1997 dodoso la maswali 14 ambamo limo kufungisisa, yaani kufikiri sana. Sisi neno hilo tunalo mdomoni kila siku. Mtu hasemi "nina msongo", anasema "nina mawazo", na jirani anaelewa papo hapo kwamba hapo hazungumzii fikra nzuri za biashara.

Siombi PSS itupwe. Kulinganisha na nchi nyingine kuna faida, na kipimo cha pamoja kinahitajika. Ninachoomba ni kwamba kwenye bajeti, kabla ya mstari wa "kukusanya takwimu", uwepo mstari wa siku kumi za kukaa barazani na maswali hayo. Na kwenye fomu, pembeni ya kisanduku cha namba, iachwe nafasi ya maneno. Siku ile kwa bibi fomu yangu ilikuwa na nafasi ya tarakimu moja tu, na alichoniambia hakikuwa na pa kuandikwa.