Vimelea vya samaki na kipimo cha mwezi mmoja

Kuna kauli inanikera, eti nchi za joto hazina misimu ya maana kwaiyo minyoo ya samaki ni ileile Januari mpaka Desemba. Sawa, maji hayagandi na joto lake halibadiliki sana, lakini samaki wa mtoni msimu wake ni kina cha maji. Mvua zikipiga mto unafurika mpaka kwenye majani ya pembeni na samaki wanatawanyika, kiangazi kikikaza yanabaki madimbwi na walewale samaki wanabanana humo, na hapo kila kitu kinabadilika.

Chukua vile vijinyoo vya kwenye matamvua, pale samaki anapopumulia, wataalamu wanaviita monojenea. Hivi havipitii kwanza kwa konokono wala ndege kama minyoo mingine, vinatoka samaki mmoja kwenda mwingine moja kwa moja. Kata kipande cha tamvua la perege, weka chini ya hadubini, utaviona vimejishikiza kwa vindoano vya nyuma, upande wa mbele unajinyoosha, unapapasa, unajikunja tena. Maji yakiwa ya moto mayai yao yanaanguliwa ndani ya siku chache tu, na kile kitoto kinachotoka kinaogelea kutafuta samaki na kisipompata mapema ndo basi tena, kimekufa. Sasa fikiria dimbwi limenywea, samaki wamejaa, oksijeni iko chini na kinga ya samaki imelegea, kwa nini visizidi?

Ila usikimbilie kusema kiangazi ndo kibaya. Kuna minyoo ya tumboni inayopitia kwanza kwenye kopepodi, vile vidudu vidogo sana vinavyoelea majini, samaki anavimeza akila. Mvua ikishaingiza rutuba ndani ya maji hivyo vidudu vinaweza kuongezeka kweli, samaki nae anakula kwa fujo, na minyoo inaingia na chakula. Kwaiyo samaki huyohuyo mmoja anaweza kuwa na kilele cha kiangazi kwenye matamvua na kilele cha baada ya mvua tumboni, alafu mtu anakuja kuniuliza "msimu wa vimelea ni upi?", vimelea gani sasa?

Na ndege usiwasahau. Madimbwi yakipungua korongo na mnandi wanakusanyika maana samaki wanakamatika kirahisi, wanakula, wanakunya humohumo na mayai ya minyoo yanabaki kwenye maji. Matokeo yake kwa samaki huyaoni siku hiyo, mpaka minyoo ipite kwa konokono au kopepodi kwanza, yaani kilichotokea kiangazi unakuja kukihesabu baadae kabisa.

Kinachochanganya watu zaidi ni yule mnyoo wa njano, Clinostomum, anaejikunja kwenye kifuko chini ya ngozi au karibu na matamvua akisubiri samaki aliwe na ndege. Huyu anaweza kukaa humo miaka, haondoki eti kwa sababu mvua imeanza. Samaki akiwa mkubwa ameishi zaidi, amekusanya zaidi. Sasa nyavu zako zikikamata wakubwa mwezi fulani na wadogo mwezi mwingine utachora grafu nzuri inapanda na kushuka na utaandika "mabadiliko ya msimu", kumbe ni umri tu huo. Urefu wa kila samaki lazima uandikwe, na wa urefu sawa walinganishwe na wenzao.

Ndo maana sina imani na kazi ya mwezi mmoja au miwili inayotoa hukumu ya ziwa zima. Najua hela za utafiti ni shida, basi angalau iseme wazi ni ya miezi gani. Mimi nataka mwaka mzima, na ikiwezekana miwili maana mvua za mwaka huu sio za mwaka jana. Na wastani peke yake usitumike jamani, kawaida samaki wengi wana minyoo michache au hawana kabisa alafu wachache wamejaa, akiingia mmoja ana mia mbili wastani wote unaruka. Weka asilimia ya walioambukizwa, weka na idadi kwa kila alieambukizwa. Kina cha maji nacho kiingie kwenye jedwali, pembeni ya joto, mti wenye alama ukichomekwa ukingoni unatosha kukipima.