Basi la vitanda, miguu ndani ya kisanduku
Jamani, basi la vitanda la Vietnam limenitesa. Hanoi hadi Huế ni kama kilomita 670, usiku kucha, na kitanda chenyewe kifupi: miguu unaiingiza kwenye kisanduku kilicho chini ya kichwa cha abiria wa mbele. Kwa mtu mrefu kama mimi, magoti yanabaki yamekunjwa mpaka asubuhi. Hukai, hulali! Begi kubwa liko kwenye buti, dogo lenye pasipoti nimelikumbatia kifuani. Kiyoyozi kinapuliza baridi usoni, blanketi jepesi kama kanga. Halafu honi, saa nane usiku, barabara tupu. Wenye mabasi, tuongezeeni hata sentimita 20 tu tunyooshe miguu. Nauli tumelipa.