Tiketi ya Buku

Jumapili iliyopita nilimkuta fundi taa wa ukumbi wetu wa maigizo, hapa Tabora, amekaa mlangoni anakata tiketi. Mkata tiketi mwenyewe alikuwa jukwaani, kapewa nafasi ya mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu mwigizaji aliyeizoea amekimbilia kuendesha bajaji. Nyuma ya pazia, mama wa mavazi alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani ya kikundi. Hela ya sare hizo ndiyo iliyonunua umeme wa jioni ile.

"Shikamoo mama. LUKU ipo?"

"Marahaba mwanangu. Itatufikisha pale bibi harusi anapotoroka. Akizubaa, atatorokea gizani."

Posho hawajaiona kwa miezi mitano. Mtaani Kanyenye nasikia ushauri uleule: wafunge, ukumbi ukatwe fremu za maduka, Tabora hakuna mtu wa maigizo. Hilo la mwisho nalikataa. Huu ni mji wa Mzee Mwinamila na kikundi chake cha ngoma, Hiari ya Moyo, mji wa bendi ya Tabora Jazz. Watu wake wanajua kukesha kwenye burudani na wanajua kulipa. Tuliowaharibu ni sisi waigizaji.

Miaka ya 1980 vikundi kama Muungano vilikuwa vinajaza baa za Dar es Salaam kwa ngoma, sarakasi, vichekesho na maigizo, na watu walitoa kiingilio. Baadaye zikaja fedha za miradi. Igizo la UKIMWI, igizo la chandarua, igizo la choo bora: uwanjani, bure, pengine na soda juu. Nimeigiza mengi ya namna hiyo na posho nimekula, siwezi kujifanya malaika. Mengine yalisaidia kweli. Ila mtazamaji alijifunza kwamba igizo ni tangazo linalotembea, na tangazo halilipiwi. Mradi ulipoisha tukamdai buku, akatutazama kama matapeli.

Ndiyo maana silipendi bakuli linalozungushwa sasa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mchango utalipa deni la pango, mwezi ujao tutakuwa palepale. Walichosema wafanyakazi kikaoni, uongozi ukakipuuza, kina akili zaidi: kadi za bure zifutwe zote, hata za wakubwa wanaokalia viti vya mbele na kuondoka kabla ya mwisho, na igizo lipelekwe Urambo, Kaliua na Sikonge wakulima wakishalipwa tumbaku, badala ya kuwasubiri watu hapa mjini wakati wa kulima, mfuko wa kila mtu umetoboka. Mama wa mavazi anaijua kalenda hiyo kuliko viongozi wake, maana oda zake za vitenge zinafuata msimu huohuo.

Mimi mwenyewe nina kadi ya bure, ya miaka mingi. Jumapili ile niliitoa kwa mazoea. Fundi taa akaitazama, akanirudishia.

"Buku, kaka."

Nikatoa noti ya elfu kumi. Akapekua boksi la tiketi, akapekua mifuko yake, chenji hakuna. Akanikatia tiketi kumi, akaniambia nikatafute wengine tisa.