Paa la asbesto: weka nyundo chini kwanza

Msimu wa maembe ukifika Tabora, nyumba za zamani zilizo chini ya miembe hupata nyufa mpya juu ya paa. Embe likiangukia bati la chuma, bati linabonyea. Likiangukia bati la asbesto lenye miaka hamsini, kona inamegeka, na mvua ya kesho yake inaingia chumbani. Anaitwa fundi, anapanda na nyundo, anavunja lile bati ili aweke jingine. Embe limefanya uharibifu wa kiganja kimoja. Fundi anafanya wa nyumba nzima.

Msimamo wangu, na najua wengi hawaupendi: paa la asbesto ambalo ni zima, halivuji na halichubuki, liache mahali pake. Bati hizi ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Saruji ikiwa imara, nyuzi zimefungwa humo. Nyundo, grenda na brashi ya waya ndizo zinazozifungulia. Zikishatoka huzioni kwa macho, zinaelea hewani kwa saa kadhaa, na zikifika ndani ya mapafu haziozi. Ugonjwa wake, uwe makovu ya mapafu, saratani ya mapafu au mesotelioma, ambayo ni saratani ya utando unaoyazunguka, huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Ndiyo maana fundi wa miaka thelathini atakuapia kwamba amevunja bati hizi tangu ujana na hana hata kikohozi. Hasemi uongo. Muda wake tu haujafika, na kama anavuta sigara hatari ya saratani ya mapafu inazidi maradufu.

Sasa, utajuaje kama ndiyo yenyewe? Chukua sumaku ya spika mbovu, uibandike kwenye ukingo wa bati upenuni. Iking'ang'ania, hilo ni bati la chuma, lala usingizi. Isiposhika, tazama unene. Bati la alumini ni jembamba kama kadi. La asbesto lina karibu milimita 6, unene wa penseli. Mawimbi yake huwa mapana, mara nyingi karibu sentimita 15 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, wakati bati la kawaida la migongo lina kama sentimita 7 na nusu. Halishiki kutu, linaota ukungu na madoa ya kijivu na kijani. Limefungwa kwa bolti za ndoano zilizoshika papi, zile mbao za kulalia bati, kwa chini, si kwa misumari. Kwenye ukingo uliomegeka utaona nyuzinyuzi zimechomoza kama kamba ya katani iliyofumuka. Usizivute kuhakikisha.

Ukongwe wa jengo peke yake haukwambii kitu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, lakini jengo la enzi za Mjerumani linaweza kuwa liliezekwa upya miaka ya 1960 au 1970, na hiyo ndiyo miaka ya kuitilia shaka zaidi. Tena kuna bati za saruji za siku hizi zisizo na asbesto zinazofanana nazo kabisa. Jibu la uhakika hutoka maabara, chini ya darubini. Kwa nyumba ya kawaida Kanyenye ya Tabora au Mwanga ya Kigoma, mimi nisingengoja jibu hilo: dalili zikikutana tatu, ichukulie ni asbesto na ufanye kazi hivyo.

Watu huangalia paa wakasahau dari. Zile bodi bapa ngumu za kijivu, zenye fito za mbao juu ya viungo, zinaweza kuwa asbesto, na huko ndiko fundi umeme anakotoboa kila akifunga feni. Kama tundu halikwepeki, paka povu zito la kunyolea ndevu pale unapotoboa, tumia drili ya mkono ya kuzungusha taratibu, kisha futa povu pamoja na vumbi lake kwa kitambaa kibichi na ukifunge kwenye mfuko. Mifereji ya paa nayo: matope yaliyokauka humo yana nyuzi zilizosombwa na mvua. Yachote yakiwa mabichi.

Ikibidi kung'oa, kwa sababu bati zimechakaa au nyumba inabomolewa, utaratibu ni wa maji. Bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia dawa ya tumbaku, linafaa sana, bora liwe jipya. Weka vijiko vichache vya sabuni ya maji ili maji yapenye, pulizia kama umande, mstari mmoja wa bati kwa wakati. Ukilowanisha paa zima kwa pamoja litateleza, na bati hizi zikizeeka hazibebi mtu: unakanyaga, unapita nalo hadi chini. Fanya kazi juu ya jukwaa, au laza mbao ndefu zinazofika kwenye papi.

Bolti zenye kutu zikate kwa mkasi wa nondo, usilipige bati mpaka litoke. Shusha bati likiwa zima, watu wawili au watatu, kwa maana lina uzito wa karibu kilo 15 kwa mita ya mraba. Paa la mita 80 za mraba ni zaidi ya tani moja. Chini pawe pametandikwa nailoni nzito. Zifunge bati kwa tabaka mbili za nailoni ya milimita 0.2, gundisha kwa utepe, andika "ASBESTO" kwa herufi kubwa. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu hapa. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi laini kabisa, iliyoandikwa FFP3 au P100, na mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa inapita pembeni. Ufagio marufuku. Overoli haikung'utwi na haiendi nyumbani: kuna wake za wafanyakazi wa asbesto walioumwa kwa kufua tu nguo za waume zao.

Kabla ya siku hiyo nenda kwa ofisa mazingira wa manispaa, kwa kuwa taka hatarishi zina utaratibu wa vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ukaonyeshwe pa kuzifukia. Najua kishawishi kilipo. Kigoma kuna makorongo yanayolilia kifusi, lakini mvua itakifukua kipindi kijacho. Na bati zilizokuukuu zikigawiwa majirani kwa banda la kuku, hapo hatari imehama tu mtaa. Kipande kinachowekwa kukinga upepo jikoni ni kibaya zaidi, kwani kikipata moto mkali hupasuka kwa mshindo na kurusha vipande.

Jambo moja mafundi hulisahau kila mara wanapoezeka upya. Papi za paa la asbesto zimeachana sana, kwa vile bati lenyewe ni gumu. Bati la chuma la geji 28 linahitaji papi za kati ziongezwe, vinginevyo litayumba kila mtu akipanda. Halafu lina kilo tatu au nne tu kwa mita ya mraba. Paa la zamani lilikaa kwa uzito wake; hili jipya lazima kenchi zifungwe ukutani kwa waya nene au kwa vyuma. Zisipofungwa, upepo unaotangulia mvua za kwanza utaingia upenuni, na bati utakwenda kuziomba kwa jirani.