Yoder alishinda kesi, watoto je?

Tarehe 15 Mei 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Jonas Yoder, mkulima wa Amish, dhehebu la Kikristo linaloishi kwa kujitenga na mambo mengi ya kisasa, huko Green County, jimboni Wisconsin. Yeye na wazazi wenzake wawili walikuwa wametozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wao sekondari baada ya darasa la nane, ilhali sheria ya jimbo ilitaka mtoto asome hadi atimize miaka 16.

Si haki kuwaita wazazi hawa wakatili. Watoto wao walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Wazazi walichokihofia ni sekondari yenye mashindano na kujitukuza, tena katika umri ambao kijana hujifunza kukamua, kulima na kuishi na wenzake. Jaji Mkuu Warren Burger aliona kwamba mwaka mmoja au miwili zaidi darasani isingelifaidi jimbo kiasi cha kuhatarisha jamii inayojitegemea, iliyodumu karibu karne 3. Yeyote aliyeona mtoto akienda shule na kurudi mgeni kwao ataielewa hofu hiyo.

Jaji William O. Douglas, hata hivyo, aliuliza: watoto wenyewe wanasemaje? Kati ya watatu, ni binti wa Yoder pekee aliyetoa ushahidi kuwa imani yake mwenyewe ndiyo inayomzuia. Kwa huyo Douglas aliafiki; kwa wale wawili alipinga.

Niko upande wake, na sababu naipata katika imani ya Waamishi wenyewe. Watangulizi wao waliuawa kwa kushikilia kwamba mtu abatizwe akiwa na akili zake, kwa hiari yake. Felix Manz alizamishwa mtoni Zürich, Januari 1527, kwa ajili hiyo. Hadi leo kijana wa Kiamishi habatizwi mpaka aombe mwenyewe, na akishabatizwa kisha akaacha, hutengwa, pengine hata mezani.

Imani inayoheshimu hiari kiasi hicho ingepaswa kumwachia kijana njia ya kweli ya kusema hapana. Ambaye hajabatizwa anaweza kuondoka bila kutengwa rasmi, na wapo wanaoondoka. Lakini msichana anayetamani uuguzi huondoka na darasa la nane tu, aanze sekondari ukubwani, katika mji asimomjua mtu.